Mkasi na Asumini ya Bi Husna

Jumatatu, 6 Septemba 1999
Posa yangu imekwama wiki ya tatu! Bi Husna, mama yake Mwanapili, amesema atajibu baada ya harusi ya mpwa wake Jumamosi. Lakini nimepata dawa. Asumini yake ya chunguni, pale ukumbini, imefuga matawi hadi imemeza pazia. Nitaipogoa ichipue upya. Nani atamkataa mkwe fundi?

Abdurahman, mtengeneza redio, naye anamtaka Mwanapili. Jana alipeleka samaki changu wa kukaanga. Kujipendekeza tu.

Jumanne, 7
Nimemwendea Lennox, mtunza bustani wa hotelini. Mtu wa bara, maneno mengi. Akasema maua hukatwa ili yachipue. Yatosha! Nikaondoka. Akanifuata hadi getini akisema hajamaliza. Walimu wote ndivyo walivyo.

Jumatano, 8
Bi Husna alikwenda Msambweni kumtazama mgonjwa. Nikaingia na mkasi wa kushonea. Mwanapili alibaki barazani na bibi yake, ambaye alisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Wazee na methali zao! Nimebakisha vijiti vitatu. Matumba yalikuwa mengi, lakini mapya yatakuja kufikia kesho kutwa.

Alhamisi, 9
Hakuna kilichochipua. Bi Husna alipiga yowe, nadhani Tiwi walisikia. Kumbe matumba yale aliyaweka kwa vikuba, vishada vya maua vya harusi, bibi harusi na mashangazi wote wavae kifuani! Lennox ndipo akanimalizia somo: asumini hukatwa ikishachanua, tena kidogo kidogo. Si angeanzia hapo?

Ijumaa, 10
Nimenunua asumini Kombani, nikazifunga kwenye vijiti kwa uzi. Zilipendeza! Akaja Abdurahman, akainama kunusa, akainuka na ua na uzi ndevuni. Bi Husna akautazama uzi, kisha akanitazama mimi. Niliogopa kweli.

Jumamosi, 11
Vikuba vimetoka kwa dada yake Abdurahman. Jibu nimepewa mbele ya wapishi: hapana. Mwanapili aliinamisha kichwa. Imeniuma. Biriani nimekula sahani mbili bila kusikia ladha.

Jumatatu, 27
Asumini imechipua! Matawi kumi na moja, Mwanapili mwenyewe ameniambia, tena akicheka. Nilisema mimi! Posa nayo imepogolewa tu, itachipua.

Ameniambia pia Abdurahman amempelekea Bi Husna waridi la chunguni, limejaa matumba. Nimepita dirishani nikalitazama. Limerefuka ovyo, maskini.

Bi Husna anakwenda Msambweni Jumatano. Mkasi nimeshaunoa.