Wimbo wa Mfalme na Viazi Vyake

Jumatatu, 3 Novemba
Mvua. Magoti yanauma. Jumamosi ni mkutano wetu wa nyimbo za asili pale baa. Desturi ni ileile: anayeleta wimbo wa zamani kuliko wote anakalia kiti cha karibu na moto mwaka mzima. Sisi wengine tunabanana mlangoni na upepo wa huku Northumberland, kaskazini mwa England, unatupiga mgongoni. Hilda Milburn amekikalia miaka tisa mfululizo, yeye na zumari yake yenye mfuko wa hewa. Nina miaka sitini na sita. Nakitaka kiti kile kabla sijafa.

Jumanne, 4 Novemba
Nimepata akili! Wimbo wa zamani haupatikani, basi nitautunga. Utakuwa wa enzi za ufalme wa Northumbria, miaka elfu moja na mia tatu iliyopita, kabla England haijaitwa England. Nani atanibishia? Waliokuwepo wamekufa wote. Kufikia saa ya chai beti nne tayari. Mfalme anarudi kutoka vitani, hoi, na mkewe anampakulia nyama ya kondoo na viazi. Kiitikio kitamu mno. Nililia kidogo. Mke wangu Doreen akauliza nani amekata vitunguu.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimefanya mazoezi mbele ya kondoo. Hawakuondoka. Doreen akataka kujua wimbo nimeutoa wapi. Nikasema kwa marehemu babu. Akasema babu gani, yule aliyekuwa hafungui mdomo hata kanisani? Nikamwambia alikuwa akiimba kwa siri. Akarudi kwenye ufumaji wake.
Nimenunua mto wa kukalia. Wa buluu.

Jumamosi, 8 Novemba
Niliimba macho nimefumba, kidole sikioni, kama inavyotakiwa. Kwenye kiitikio baa nzima ikanipokea. Nikaanza kulisikia joto la moto.
Kisha akasimama mwamuzi wetu, Bwana Tait, mwalimu mstaafu wa historia. Akasema wimbo ni mtamu kweli, ila viazi vilitufikia kutoka Amerika karibu miaka mia tisa baada ya mfalme huyo kuzikwa. Akaendelea kutaja vyakula vingine vilivyotoka huko. Sikusikiliza. Masikio yalikuwa yanavuma kwa aibu.
Ndipo Hilda akaweka zumari yake chini. Kwa upole kabisa akaomba jamani kaka Norman, yaani mimi, asilaumiwe. Wimbo ni wa kweli, bibi yake mzaa mama aliuimba kila akiosha vyombo. Ila bibi alikuwa akisema vitunguu. Viazi vimechomekwa na watu wa baadaye, huko kwenye ukoo wangu, kwa akina Heslop. Halafu, akasema, Norman amesahau ubeti wa tano. Akauimba! Mzuri kuliko vyangu vyote, Mungu anisamehe.
Mwongo wa kutupwa yule mama. Nilifungua mdomo kusema bibi yake hawezi kuwa aliimba wimbo niliotunga Jumanne. Nikaufunga. Bwana Tait akaamua kwamba wimbo wa Hilda ndio wa zamani zaidi, na wangu ni huohuo ulioharibiwa. Mwaka wa kumi.
Hilda alipouona ule mto akanishukuru kwa kumfikiria. Akaukalia. Nilirudi mlangoni nikiwa na hasira hadi kwenye vidole vya miguu, na baya zaidi, kila mtu alikuwa akiuimba wimbo wangu.

Jumapili, 9 Novemba
Doreen amesema anatumaini nimekoma. Nikamwambia nimekoma kabisa, kosa langu nimeliona. Ni viazi.
Tangu asubuhi naandika mwingine, wa miaka mia moja nyuma zaidi. Beti tano, ili mtu asiongeze. Nimepitia mstari kwa mstari, hakuna kiazi hata kimoja. Mfalme anakula bata mzinga wa kuokwa, na nyanya pembeni. Mwakani Hilda na bibi yake watajua hawajui.