Nyuzi Kumi na Moja

Alhamisi, 14 Agosti

Siku ya nane tangu nipasuliwe ngiri. Bado niko hai. Asubuhi nimezihesabu nyuzi kwenye kioo cha kabati: kumi na moja. Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa ishirini na mbili huu, mshono naujua. Huu wa daktari una nafasi kubwa mno kati ya uzi na uzi. Suruali ya shule ningeishona hivi, mama wa mtoto angeirudisha siku hiyohiyo. Na hii si suruali. Humu ndani mna matumbo yangu!

Kesho familia inakwenda ziwani, siku tatu, nyumba ya kupanga. Nimejaribu kujitoa. Nikamwambia mke wangu daktari amekataza kabisa hewa ya ziwa. Akanitazama, akachukua simu, akampigia muuguzi palepale. Muuguzi akasema hajawahi kusikia kitu kama hicho. Nitembee taratibu, nisinyanyue kizito, basi. Binti yetu wa miaka saba akasema baba asipokwenda na yeye haendi, akaanza kutoa nguo zake kwenye begi, moja moja. Nikaanza kuzirudisha mimi.

Mchana nimejifungia dukani, nikajishonea mkanda wa kubana tumbo. Turubai nje, sponji katikati, kamba za viatu mbele. Mfuko wa siri wa chupa ya dawa ya kikohozi, maana nikikohoa nimekwisha. Bitana ni pamba laini ya maua ya zambarau, salio la gauni la mama mkwe. Yeye nilimwambia kitambaa hakikutosha mikono mirefu. Fundi gani hasemi hivyo?

Ijumaa, 15 Agosti

Matuta kumi na tisa njiani! Kila tuta nimeshika tumbo kwa mikono miwili na kufumba macho.

Dereva alikuwa Spika, kaka wa mke wangu. Kazi yake lori, na jina amelipata kwa ile sauti. Yeye alitolewa kidole tumbo zamani, na anasema siku ya tatu alikuwa chini ya lori anabadilisha springi. Mwaka jana alisema ilikuwa siku ya tano. Akauliza, kwa sauti ya kusikika vijiji viwili, kama shemeji yake anahitaji kubebwa mgongoni.

Dharau naiweza. Hatari ni kwamba Spika anachekesha, na hakuna kinachofumua tumbo kama kicheko. Nikaziba masikio kwa pamba. Hata hivyo kisa cha mbuzi aliyekula karatasi za mzigo mbele ya trafiki kilipenya. Nikang'ata mkanda wa kiti. Mke wangu akauliza kama ni choo kinachonisumbua.

Mama mkwe alikaa ubavuni mwangu njia nzima, ndani ya gauni lile la zambarau, akisugua mikono na kulalamika baridi. Nikatazama dirishani.

Kutoka nyumba ya kupanga hadi majini kuna ngazi thelathini na nne. Hakuna aliyenitahadharisha! Nimebaki barazani. Binti alinipungia mkono kutoka chini mara sita, kisha akaacha. Naogopa. Naandika wazi kwa kuwa humu hasomi mtu: naogopa kufumuka mbele ya mtoto wangu, halafu akumbuke hilo tu maisha yake yote.

Jumamosi, 16 Agosti

Binti alikuja mwenyewe kunichukua. Akanishika mkono akasema tutashuka ngazi moja moja na yeye ndiye atakayehesabu. Alisahau kumi na saba, sikumkosoa. Nikaingia majini hadi vifundo vya miguu. Raha! Kwa dakika nzima sikushika tumbo.

Ndipo Spika akatangaza kwamba ataruka kutoka kwenye jiwe, awaonyeshe watu mwili uliopasuliwa unavyopona. Akaruka. Akaibuka. Kaptula yake ikaibuka peke yake, mbali kidogo, mshono wa nyuma umeachia. Kaptula hiyo nilimshonea mimi. Mama mkwe akamfunika binti taulo usoni. Spika akabaki majini hadi shingoni.

Nikajizuia. Nikafikiria misiba. Haikusaidia. Kicheko kikatoka, na papo hapo, chaaa!

Kitu kikaachia tumboni. Nikahisi majimaji yakishuka mguuni. Nikatazama: mekundu.

Nikalala mchangani nikaanza kuusia. Cherehani iwe ya binti. Duka lisiuzwe. Spika nimemsamehe, kasoro springi. Mke wangu akanifunua shati huku akimwita Mungu, na niliposikia hivyo nikaogopa kuliko siku ya kupasuliwa. Akagusa ule wekundu. Akanusa. Akasema ni dawa ya kikohozi.

Nyuzi zote kumi na moja zilikuwa mahali pake. Kilichofumuka ni mkanda wangu, juu hadi chini, na kizibo cha chupa ndani yake kikaachia.

Mama mkwe naye aliinama. Hakutazama kidonda. Alipitisha kidole juu ya maua ya zambarau, akatazama mikono yake iliyo wazi, akauliza kwa upole sana, baba, hiki si kile kitambaa ambacho hakikutosha?

Wakacheka. Spika alicheka kutoka majini hadi ndege wakaruka. Mama mkwe mwenyewe alikaa chini kwa kucheka. Mimi pia, nikilia kwa maumivu, binti kanilalia begani, na hakuna kilichofumuka. Kwa muda ule sikuogopa kitu chochote duniani.

Jumapili, 17 Agosti

Tumerudi. Matuta kumi na tisa, bado yapo. Mama mkwe amebandua bitana yote usiku, kaitia mkobani. Ameahidi kuwaeleza wanawake wote wa mtaani kwake.

Jumatatu, 18 Agosti

Nyuzi zimetolewa. Muuguzi alisema kidonda ni kizuri sana. Mke wangu akanitaka nikiri kwamba daktari anajua kazi yake. Nikakiri. Nilikuwa mlangoni kabisa, natabasamu, muuguzi akaongeza kwamba zile za ndani hazitolewi, zitayeyuka zenyewe.

Zitayeyuka! Fundi gani hushona kwa uzi unaoyeyuka?

Nimekuja moja kwa moja dukani. Mkanda mpya, mshono mara tatu. Turubai ipo. Sponji ipo. Imekosekana bitana tu.

Saa tisa Spika aliingia na mita mbili na nusu za kitambaa cha kijivu, laini ajabu, nimshonee suruali. Nikampima mara mbili. Nikatikisa kichwa. Nimemwambia, kwa masikitiko, hakitatosha mifuko.