Mwenyeji Wetu Yuko Kaburini

Jamani, leo nimeadhirika mpaka nimezima simu kwanza, nikajilaza, ndipo nikawasha niwasimulie.

Asubuhi tulikuwa kichakani Nyamwage, kwenye dua ya kaburini kwa babu wa ukoo wa mchumba wangu. Babu huyo aliuawa kwenye vita vya Maji Maji. Mshereheshaji mimi. Baba mkwe mtarajiwa, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, alishaniambia: "Nikuone leo, ndipo nijibu posa yako." (Nikasema moyoni, leo namwaga kizungu.)

Kichaka kile hakina ndege. Jua limewaka, lakini kimya, mpaka unasikia jirani yako anavyopumua. Masinia yakatengwa. Nikasimama: "This dua is under the auspices of babu!" Nilidhani maana yake ni kwa kumkumbuka babu. Nikapiga makofi. Peke yangu!

Baba mkwe akavua miwani. "Unajua ulichosema? Maneno hayo humtaja anayeidhamini shughuli, aliyeibeba. Umetangaza kwamba marehemu ndiye mwenyeji wetu."

Mikono yote ikatoka kwenye masinia. Kwetu hatii mtu tonge kinywani kabla mwenyeji hajakaribisha. Watu wazima, na njaa zao, wakakaa wanaliangalia kaburi! Nikajichekesha kidogo, hakuna aliyeitikia.

Mara sauti nzito, ya kukwaruza: "Karibuni."

Kisha tena, chini chini, upande wa kaburi: "Karibuni."

Nilitoka nduki! Nimeruka sinia, nimempita mchumba (nimempita, hata mkono sikumshika!), nikaja kusimama barabara ya Lindi na kiatu kimoja.

Wenzangu wakanifuata huko. Baba mkwe anahema kwa hasira. "Babu yetu aliwaendea Wajerumani na bunduki zao, yeye ana maji tu. Wewe unakimbia kukaribishwa chakula. Mwanangu nikupe wewe?"

Mama yake baba mkwe, bibi kizee wa watu, akanishika mkono. "Mwache, mwanangu. Nimeitika mimi, ndimi mkubwa wa damu ya babu. Nilitaka kumsitiri huyu mjukuu wangu."

Nikapumua. "Sasa bibi, mara mbili za nini?"

Akanitazama. "Mie niliitika mara moja."

Baba mkwe ndiye aliyetangulia kuingia garini.

Sasa kasema atakayekwenda kuyachukua masinia ndiye atakayeoa. Msinicheke, wandugu. Natafuta wa kunisindikiza.