Vita vya Kobe katika Kijito cha Cane Fork

Jongeeni, enyi mliobatizwa kwa matone matatu ya kunyunyiziwa, mketi karibu nasi tuliozamishwa wazimawazima, mpate kusikia habari za Verdell binti Purvis, Simba Jike wa Kwaya, Mwenye Kofia Ipitayo Mlangoni kwa Ubavu; ambaye jina lake halimo katika jiwe la historia ya kanisa letu la Baptisti, kwa kuwa jiwe lile waliliandika wanaume.

Tangu babu zetu watoke utumwani wakalijenga kanisa lile, sote tumebatizwa katika kijito kilekile. Sote, ila Lonzo, mume wa Verdell, aliyeyakimbia maji yale tangu harusi yao: mara mafua, mara ng'ombe anazaa. Jumapili hiyo ya Agosti, kwa machozi ya mkewe, akakubali. Akashuka na kanzu nyeupe. Mchungaji Tisdale akamngoja majini, nasi ukingoni tukaimba kama jeshi lililokwisha shinda.

Ndipo adui akainuka kutoka vilindini: kobe wa mto, mpana kama sinia, mwenye kinywa cha kukata vidole. Mchungaji, Mwamba wa Imani, akatoka majini upesi kuliko Petro alivyoingia.

Lonzo akatabasamu. "Mmeona? Bwana mwenyewe amekataa. Twendeni tukale."

"Lonzo, ukigeuka leo hurudi tena, nakujua! Mbinguni nitakaa na nani, na mbwa wako?"

"Basi mtoe huyo kobe, mama. Akitoka, naingia."

"Dada Verdell," akasema Mchungaji kutoka juu ya jiwe, "tungoje mwezi ujao."

"Mchungaji, wewe shika Biblia yako. Ozella, acha kucheka, lete paja la kuku!"

Nikalileta kutoka kikapu cha chakula, ingawa nilikwisha liuma. Akalifunga kwenye ncha ya mwavuli kwa utepe wa kofia yake tukufu, akaingia majini na viatu vyake vya Jumapili, akauelekeza mkuki ule usoni pa adui. *Kwap!* Kobe wa kwetu akiuma haachii mpaka ngurumo ipige, na mbingu ilikuwa nyeupe, bila wingu. Verdell akamburuta kinyumenyume hadi kichakani, akamwachia na mwavuli.

Lonzo akayachungulia maji.

"Una hakika alikuwa mmoja?" akauliza Mchungaji.

"Ingieni wote wawili, kabla sijamrudisha!"

Wakaingia. Lonzo akazama, akaibuka akitema maji. "Baridi, Verdell!" Naye Verdell, aliyemkabili kobe kwa macho makavu, akajifunika uso kwa kofia akalia.

Wafalme wamekuja wakasahauliwa. Bali Cane Fork yajua: siku ile mwanamke alimtoa kobe majini, akamtia mume.