Muhuri wa Nyota Tatu

Mirvohid alikuwa amejificha nyuma ya birika kubwa la nyumba ya chai pale Chust, mji wa visu, kwa sababu dawa yake ya kuotesha nywele ilikuwa imeotesha vipele kwenye upara wa muuza mchele, na muuza mchele alikuwa akipita huku na huko akimwulizia. Mtu aliyejificha hana kazi ila kutazama. Mirvohid akatazama, na ng'ambo ya barabara akaona jambo lililomsahaulisha vipele.

Mlangoni kwa mhunzi, juu ya kigoda, alikuwa amekaa bwana mmoja mnene wa Tashkent. Gari lake zuri lilikuwa chini ya mforsadi, limechafuliwa na ndege kama gari lisilo na mwenyewe.

"Kaka," Mirvohid akamwuliza mwenye chai, "yule bwana ana kesi gani?"

"Hana kesi. Anangoja kisu."

"Tangu lini?"

"Leo siku ya tatu. Wenzake hungoja nyumbani miezi miwili. Yeye kaona akikaa mlangoni Fundi Egamberdi atamwonea huruma." Mwenye chai akapangusa kikombe. "Fundi hajui huruma. Anajua chuma."

Adhuhuri Fundi Egamberdi akatoka, mzee mkavu mwenye nyusi zilizoungua, akampa bwana yule kisu. Kilikuwa na pua iliyoinuka kidogo, mpini wa pembe ya mbuzi wa mlimani, na karibu na mgongo nyota tatu na mwezi mwandamo, vya shaba, vimegongwa ndani ya chuma. Yule mnene hakutazama makali. Alitazama nyota, akazibusu, akalipa bila kupunguziwa hata som moja, akaondoka na gari lake la mavi ya ndege akiimba.

Hapo Mirvohid akaelewa. Watu hawa hawanunui kisu, wananunua nyota. Na nyota, kwa elimu aliyokuwa nayo, ziko mbinguni na hazina mwenyewe.

Ni lazima isemwe kuhusu mikono yake. Ilikuwa laini kama unga uliochekechwa mara mbili. Alikuwa na miaka thelathini na minne na hajawahi kubeba kitu kizito kuliko simu, na wengine wanavyolinda swala zao tano ndivyo yeye alivyoilinda mikono ile. Kila uongo aliousema tangu ujana aliusema ili mikono isiguse kazi. Tukumbuke hivyo, maana mtu huhukumiwa kwa kile anachokiogopa.

Ng'ambo ya milima aliishi Tolmas, mtengeneza vijiko. Tolmas alikuwa mtu mnyofu, hajawahi kumdanganya mtu, kwa sababu hajawahi kuombwa.

"Unaweza kutengeneza kisu?" Mirvohid akamwuliza.

Tolmas akafikiri. "Kisu ni nini? Ni kijiko kilichonyooshwa."

Basi akavinyoosha. Bati lilikuwa lilelile la vijiko. Mpini ulikuwa plastiki iliyochemshwa kwenye majani ya chai ipate rangi ya pembe, ikapakwa mafuta ya kondoo ipate harufu. Nyota zilipigwa kwa mashine, na haki ya Mungu, zilinyooka kuliko za Fundi.

Kabla aprikoti za manjano hazijaisha mitini, Mirvohid alikuwa amekwisha kuuza visu mia sita na arobaini. Aliuza harusini, aliuza kituo cha mabasi, aliuza langoni mwa soko.

"Fundi Egamberdi ni mjomba wangu," alikuwa akinong'ona. "Haonyeshi, lakini ananipenda. Hivi alivitengeneza akiwa na mafua, ndiyo maana bei iko chini."

"Mafua yanaingia kwenye kisu?"

"Kwenye kisu hayaingii, dada yangu. Yanaingia kwenye bei."

Na watu wakanunua, kila mmoja akiamini kwamba anayeibiwa ni mzee.

Visu vile vilikata siagi. Vilikata mkate ukiwa wa leo. Vilipokutana na tikiti vilianza kuinama, na vilipokutana na mfupa vilisujudu kabisa. Wenye visu wakamwendea mwenye nyota, kama desturi ya wahunzi wa Chust ilivyo: kisu chenye alama yako kikiharibika, unatengeneza kingine kwa mkono wako, huulizi, hulipwi. Kwa miaka arobaini Fundi Egamberdi alirudishiwa visu kumi na kimoja. Juma lile akarudishiwa thelathini, na wote wakamtaja muuzaji mmoja, Mirvohid.

Mzee akavaa joho la Ijumaa akaenda mjini kwenye ofisi inayolinda kazi za mafundi. Kijana wa pale alikuwa na adabu, akamletea chai.

"Nyota hizi nani alizichora kwanza, mzee wangu?"

"Babu yangu wa saba."

"Tutahitaji barua yake, yenye sahihi. Anwani yake?"

"Makaburini, upande wa mlima."

Kijana akaandika. "Basi akipata nafasi," akasema.

Fundi akarudi nyumbani, akachukua nyundo kubwa, akauliza Mirvohid analala wapi. Mkewe, Mama Hosiyat, alikuwa anakata karoti za pilau na hakuinua macho.

"Weka nyundo. Mtu ukimpiga anapona."

"Sasa nimfanye nini? Amechukua alama ya baba zangu."

"Mpe."

"Nimpe nini?"

"Hiyohiyo anayoiba. Mpe kwa sherehe, watu waone."

Mzee alisimama na nyundo yake mpaka karoti zikaisha. Nyota zile ndizo alizorithi pamoja na fuawe; usiku wa harusi yake ndizo alizomwonyesha mkewe kabla hajamwonyesha uso. "Unajua unachokisema?" akauliza.

"Nakijua. Watu wa mji huu walimjua baba yako kwa kisu chake. Nyota zilikuwa pambo. Wewe utapata pambo jingine."

Kesho yake Mama Hosiyat akaingia nyumba ya chai na mikate ya moto ndani ya kitambaa. Mirvohid alipomwona, mguu wake mmoja ulikuwa tayari uko dirishani.

"Shuka, mwanangu, utachana suruali," akamwambia. "Mzee hana mtoto wa kiume. Mabinti wetu wameolewa mbali. Amesikia kuna kijana kauza visu mia sita kwa majira mamoja, akasema, 'Yeye ndiye.' Anataka kukufunga mkanda wa ufundi. Akupe fatiha na muhuri, alama iwe yako."

Mirvohid akashusha mguu. Walaghai wote wana tundu moja katika ngozi, nalo ni hili: hawashangai wakisifiwa. Akapiga hesabu palepale. Tolmas alikuwa na visu elfu nyingine tayari. Muhuri ukiwa wake, vya bandia vitakuwa halisi, naye hatakimbia tena maishani.

"Mama," akasema kwa unyenyekevu, "nilikuwa najiuliza mzee atachelewa mpaka lini."

Siku ya mkanda walichinja kondoo wawili. Walikuja wahunzi wote, imamu, wachinjaji wa soko zima wakiongozwa na Norkuzi mwenye mabega kama mlango, na muuza mchele, upara umefungwa leso. Mirvohid akavishwa joho, kofia na mkanda. Fundi Egamberdi akasimama mbele yake na kuuliza kama walivyouliza baba zake:

"Kila kisu chenye alama hii, kilichotengenezwa na kitakachotengenezwa, ni chako?"

"Ni changu," akasema Mirvohid. Sufuria lilikuwa linafunuliwa.

"Kikivunjika ni chako?"

"Changu." Mkia wa kondoo, mnene, unatetemeka, ulikuwa umewekwa juu ya pilau, naye alikuwa anapima nani ataupata.

"Utakitengeneza tena kwa mkono wako?"

"Nitatengeneza, mzee wangu, nitatengeneza."

Kisha Fundi akatoa muhuri wenyewe, kipande cha chuma kifupi kilicholiwa na nyundo za watu saba. Kabla ya kuuachia alizipapasa nyota moja moja kwa kidole gumba. Hilo halikuwa igizo. Kwa desturi ya wahunzi chuma hakitolewi bure, kitakata urafiki, hivyo Mirvohid akampa sarafu ya som mia mbili.

"Nimeuza," akasema Fundi mbele ya mashahidi.

"Nimenunua," akasema Mirvohid, mdomo umejaa wali.

Jioni ileile akatundika langoni mwa soko bango la mita tatu lenye picha yake, mikono imekunjwa kifuani, na maneno: FUNDI MIRVOHID, MWENYE NYOTA. Katika maisha yake alikuwa amejificha nyuma ya mabirika, milango na mara moja nyuma ya jeneza. Ilikuwa raha kuonekana.

Asubuhi akafungua mlango akakuta foleni imefika msikitini.

"Asalaam aleikum, fundi," akasema Norkuzi mchinjaji, akiweka mezani kitu kilichojikunja kama mkia wa mbwa mwenye furaha. "Kisu chako hiki."

"Ulikitumia kwa nini?"

"Nyama."

"Nyama ya namna gani?"

"Ya kukata."

Akaja mwanamke amembeba mtoto. "Mimi nilikiweka chini ya mto wa mwanangu, kufukuza jini. Mtoto analia mpaka alfajiri."

"Lakini dada, hiki ni kizima."

"Ni kizima, ila jini halikiogopi. Cha mama yangu jini likikiona linapita mbali. Hiki linakikalia."

Wachinjaji walishauriana wakakubali kwamba hiyo ni kasoro, tena kubwa. Nyuma yao mzee mmoja alileta kisu kipya ndani ya ala yake.

"Hiki kina nini?"

"Hakina kitu. Sijakitumia. Lakini nimesikia."

Mchana, watu walipokaa kula, Mirvohid akavua joho, akashusha kofia mpaka machoni, akajitupa ndani ya teksi ya kwenda Namangan. Dereva akamtazama kwenye kioo. Akatazama bango. Akatazama kioo tena. Kisha, polepole, akafungua kikasha cha mbele na kutoa kisu kilichopinda.

"Mungu mkubwa," akasema. "Ndiyo kwanza nilikuwa nakuja kwako."

Wachinjaji wakamrudisha. Hawakumgusa kwa ubaya, walimbeba juujuu kama bibi harusi, na Norkuzi alimshikia kofia isidondoke.

Akamwendea Fundi Egamberdi na muhuri kwenye kiganja. "Mzee, nimekosa. Chukua. Nakupa bure."

"Bure?" Mzee akashtuka. "Chuma? Unataka tukosane?"

"Basi ninunulie. Kwa som moja."

Fundi akajipapasa mifuko, nayo ikalia kama ya mtu aliyetoka kuuza. "Sina sarafu," akasema kwa masikitiko. "Mwaka mbaya huu." Akamnyooshea koleo. "Shika hapa. Siyo hapo, hapo kuna moto."

Alikuwa amekwisha kushika hapo.

Kufikia mwisho wa juma la kwanza mikono ile ya unga ilikuwa na malengelenge saba, na Mirvohid akaliita kila moja kwa jina la mtu aliyemtapeli. Mama Hosiyat aliipaka mafuta ya kondoo. "Sugu ni ngozi tu, mwanangu," alimwambia, "ila haichoki." Fundi hakumpiga wala kumtukana, ila kijana aliposhindwa kisu, mzee alikitupa kwenye ndoo na kusema, "Tena." Mwenyewe alikuwa sasa anapiga alama mpya, nukta moja ya shaba basi, na kabla ya theluji watu wa Tashkent walikuwa wanakaa kigodani kungojea nukta.

Kisu cha kwanza cha Mirvohid kilichokataa kupinda alipewa Norkuzi. Mchinjaji akakijaribu kwenye nywele za mkono wake, akaguna, akaondoka nacho. Mirvohid akajikuta ametoka mpaka mlangoni kumwangalia anavyokibeba, kisha akaona haya akarudi ndani.

Aliweka hesabu ukutani kwa mkaa, maana hiyo ndiyo iliyomwamsha asubuhi: mia sita na arobaini, halafu anaondoka. Mia mbili. Mia nne na kumi. Vile visu elfu vya Tolmas hakuvifuata. Alimpelekea salamu kwamba biashara imekufa, avirudishe kuwa vijiko. Majira mawili ya baridi yakapita, na alasiri moja ya masika akagonga nyota kwenye kisu cha mia sita na arobaini, akavua aproni ya ngozi, akanawa, akavaa viatu vya safari. Kwenye kizingiti akapishana na kijana mgeni mwenye kisu kilichojikunja.

Kesho wakaja wanne. Mirvohid akavua viatu, akavaa aproni, akafua chuma. Alipofika mia saba na tatu akaenda kusimama mbele ya ukuta na mkaa wake, akajumlisha kwa kushuka, akajumlisha kwa kupanda. Akamwita mzee.

"Mzee, niliuza mia sita na arobaini. Naapa kwa mama yangu."

"Nakuamini."

"Nimerudisha mia saba na tatu."

Fundi Egamberdi akasogeza uso karibu na ukuta. Akachukua kisu cha mwisho kilichorudishwa, akakigeuza kwenye mwanga, akakinusa. Mafuta ya kondoo, mabichi kabisa. Akapiga kidole kwenye bati, nalo likalia kama kijiko. Nyusi zake zilizoungua zikaanza kutikisika, kisha mabega, kisha akalazimika kukaa juu ya fuawe, na Mama Hosiyat akaja mbio akidhani mume wake anakufa.

"Tolmas," akasema Mirvohid taratibu. Alitazama mikono yake, migumu, myeusi kwenye mikunjo, halafu nyota tatu zile zilizonyooka kupita kiasi. Uchungu uliompata ulikuwa wa kweli, wa kwanza tangu azaliwe.

"Mama," akasema, "dunia hii ina wezi."