Mashine Iko kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 2025
Miezi mitano tangu nimshinde Machuki katika korti ya madai madogo, Migori. Shilingi elfu tisini, bei ya mashine ya posho niliyomuuzia kwa mkopo. Hukumu ninayo, ina muhuri. Pesa, hakuna. Lynnet, mke wangu, anasema muhuri hausagi mahindi. Mashine ilikuwa yake. Amenipa mpaka Jumapili: pesa au mashine, la sivyo anarudi kwao Ndhiwa. Hatanii.

Jumanne, 4 Machi
Isebania, dukani kwa Machuki. Kuniona tu, mguu niponye, huyo Sirare, ng'ambo ya mpaka! Akanipungia mkono kutoka Tanzania. Nimerudi na viazi vitamu.

Jumatano, 5 Machi
Joyline wa M-Pesa kanipasha: mashine iko Ndhiwa, inasaga! Nikashangilia. Kisha akataja boma. Yesu! Kwa mama mkwe wangu, Phelesia! Machuki amekodi banda lake. Huyu mtu ni shetani. Anajua mila yetu Wajaluo: mkwe hupeleka kitu kwa mama mkwe, hatoi. Hata kijiko. Na mimi nina deni la ng'ombe wawili wa mahari.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeenda kuchungulia tu. Lakini mkwe haendi mikono mitupu: sukari kilo nne, majani ya chai, mkate, soda. Mama akanishukuru, akanikalisha sebuleni. Mashine inanguruma nje, mimi nimetulia kama maji mtungini. Machuki akapita dirishani akanisalimu shemeji, kama mtoto wa nyumba ile. Shemeji!

Ijumaa, 7 Machi
Akili ni nywele. Nikamtuma dalali wa korti, Bwana Nyamweya, akaikamate mashine, mwenyewe nikajibanza barabarani. Mama akamuuliza katumwa na nani. Nyamweya akasoma jina langu kwa sauti, majina yote matatu, akafukuzwa mikono mitupu. Jioni Mama akanipigia simu: nije na wazee, na wale ng'ombe wawili wa mahari. Lynnet akauliza kwa nini sikumwambia mashine iko kwao. Nikamjibu haya ni mambo ya wanaume.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya kanisa Lynnet akakodi pikapu, akaenda kwao. Basi, nimeachwa. Nililia jikoni, siongopi. Saa tisa karudi, mashine nyuma! Anasema binti hutoa atakacho kwao. Alimweleza mamake, mamake akamwamuru Machuki afungue nati mwenyewe. Dakika ishirini, kwisha. Nilimkumbatia mbele ya dereva.

Jumanne, 11 Machi
Lynnet yuko matangani Sori hadi kesho. Asubuhi kaja Osoro, jirani yake Machuki. Mpole, Biblia kwapani. Anataka mashine kwa mkopo, laki moja na kumi, miezi sita. Faida elfu ishirini! Nimempa. Ila safari hii sikuwa mjinga: nilikataa katakata mpaka aape kwamba hamjui mama mkwe wangu. Ameapa bila kusitasita. Lynnet atafurahi.