Turbo ya Mandewa

Jumatatu, 16 Juni 2025
Leo nimedhalilishwa! Naftali, dereva mwenzangu wa bodaboda hapa Mandewa, katangaza mbele ya kijiwe kizima kwamba pikipiki ya mwenyekiti ina pumu. Mwenyekiti ni mimi. Mwaka wa nne huu! Wakacheka wote, hata Dorika wa maandazi. Nikapandwa na hasira, nikaropoka: Jumamosi tupande kilima, kila mtu na gunia la alizeti nyuma. Atakayetangulia juu, uenyekiti wake. Naftali kakubali haraka mno. Pikipiki yake mpya, ina nguvu kuliko yangu. Haidhuru. Mimi nina akili.

Jumanne, 17 Juni
Nimeona kwenye simu: naftalini, ile dawa ya kufukuza mende nguoni, inaipa petroli nguvu! Nikachukua vidonge sita kabatini, nikavitumbukiza kwenye tangi. Jamaa wa kwenye simu alisema viwili, lakini yeye hakubeba alizeti. Mwendo? Bado. Harufu ndiyo imechanganya! Abiria wa kwanza kauliza kama nimetoka kuosha choo. Wa pili kashukia njiani, kaenda kwa miguu. Jioni Rahabu, mke wangu, kakuta mende kwenye gauni lake la kwaya. Akataka kujua naftalini zimekwenda wapi. Nikamwambia ni mambo ya uongozi.

Jumatano, 18 Juni
Sumaku! Nimeing'oa kwenye spika ya redio ya Rahabu, nikaifunga kwenye mpira wa petroli. Wanasema petroli ikipita hapo inajipanga mstari, inaungua yote. Kweli tupu! Nimelipita gari la punda kama limesimama. Rahabu anasema lilikuwa limesimama. Sibishani na mtu asiye na redio.

Alhamisi, 19 Juni
Sijalala kwa furaha. Turbo! Kumbe turbo ni upepo tu unaosukumwa ndani ya injini. Na mama mkwe ana mashine ya kupepetea alizeti, ile ya kuzungusha kwa mkono. Nimeazima feni yake. Mwenyewe yuko Ikungi, lakini angekuwepo angekubali. Nimeifunga nyuma, karibu na mahali pa gunia, nikaiunga na gurudumu kwa mnyororo wa baiskeli. Bomba la plastiki likapeleka upepo hadi kwenye kabureta. Chujio la hewa nimelitupa, linabana.

Nikampelekea fundi, mzee Stefano. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akaizunguka pikipiki mara mbili, akavua kofia. Akasema, mwanangu, feni hii kazi yake ni kupepeta, na itapepeta. Nikacheka kwa adabu. Wivu wa mafundi nao!

Jumamosi, 21 Juni
Niliongoza! Iandikwe hivyo: niliongoza! Feni ilivuma, watu wakapiga vigelegele, Naftali akala vumbi langu. Mpaka nusu ya kilima, uenyekiti ulikuwa wangu.

Halafu mnyororo ukatoboa gunia. Alizeti ikamwagikia kwenye feni, na feni ikapepeta. Pumba zikanijaa machoni, punje zikaingia kwenye bomba. Injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Naftali akapita akipiga mluzi. Kuku wa Mandewa nzima wakaja, wakanizunguka. Na basi la kutoka Ikungi likasimama barabarani, akashuka mama mkwe. Akaangalia feni. Hakuniitikia hata shikamoo.

Mzee Stefano alichota alizeti chini, akaitazama kiganjani. Akasema safi kabisa, haina hata takataka.

Imeniuma. Miaka minne jamani, na benchi la mwenyekiti pale kivulini nilikuwa nakaa mimi.

Jumapili, 22 Juni
Baada ya kanisa, mwenyekiti Naftali katoa amri yake ya kwanza: ni marufuku kufunga feni, sumaku au kidubwasha chochote kwenye pikipiki ya kijiwe hiki. Akaniangalia mimi. Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono kuiunga, watu wakanisifu kwamba nimejirekebisha. Rahabu alitokwa na machozi.

Nimeisoma amri hiyo mara tatu kwenye ubao wa kijiwe. Imesema pikipiki. Shemeji Calist anakuja kesho kutoka Manyoni, na anakuja na bajaji. Bajaji! Mle nyuma feni mbili zinaenea.